Bumu Linaloshuka Lenyewe: Kuifungua, Kuipima na Kuirudisha Silinda ya Kreni

Kreni imeegeshwa jioni bumu, yaani mkono wake mrefu, likiwa juu. Asubuhi ncha imeshuka, na neno la kwanza kusikika ni kwamba sili, pete za kuzuia mafuta yasivuje ndani ya silinda, zimekwisha. Silinda inateremshwa, seti mpya ya sili inanunuliwa, kila kitu kinafungwa, na bumu linaendelea kushuka kama jana. Pesa imetoka, siku mbili za kazi zimepotea, na ugonjwa haujaguswa.

Sili ni mpira na plastiki, na mara nyingi ndiyo ya mwisho kuumia. Kilichoiumiza kinaweza kuwa rodi (mhimili unaotoka na kuingia) iliyopinda, bomba (mwili wa silinda) lililoliwa, bushi (pete inayoshika pini) iliyolegea, mafuta machafu au joto. Kazi ya kufungua silinda ya kunyanyulia mizigo ni kumtafuta huyo muuaji. Kubadilisha sili ni sehemu fupi ya mwisho.

Tuchukue mfano mmoja utakaotufaa hadi mwisho: silinda ya kuinulia bumu, bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 200 na rodi ya milimita 140. Upande wa chini wa pistoni, eneo linalosukumwa na mafuta ni sentimita za mraba 314. Upande wa rodi limebaki 160 tu, kwa sababu rodi yenyewe imemeza 154. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza karibu kila kioja cha silinda hizi.

Kwanza, baridi. Mafuta ya haidroliki hupungua ujazo kwa takriban asilimia 0.07 kwa kila digrii moja ya joto inayoshuka. Silinda iliyofunguka mita 3, ikapoa digrii 20 kutoka jua la alasiri hadi alfajiri, hupungua kama milimita 42 bila tone moja kuvuja. Ukizidisha kwa urefu wa bumu, ncha inaonekana imeanguka sana. Anayetaka kujua kama silinda inavuja asiamue kwa ulinganisho wa jioni na asubuhi. Apime wakati mafuta yamekwisha tulia kwenye joto moja.

Pili, vali ya kushikilia mzigo. Hii ni ile iliyofungwa moja kwa moja kwenye mwili wa silinda, bila hozi kati yake na bomba, ili hozi ikipasuka bumu lisianguke. Chembe moja ya uchafu kwenye kikalio chake inatosha kuifanya ivujishe. Vali hii hulaumiwa mara chache kuliko inavyostahili.

Tatu, sili ya pistoni, na hapa ndipo wengi hupotea. Tuseme sili hiyo imeisha kabisa, mafuta yanapita huku na huku. Je, bumu litaanguka? Ikiwa milango yote miwili ya silinda, matundu ya kupitishia mafuta, imefungwa, haliendi mbali. Rodi ikiingia ndani mita moja huchukua nafasi ya lita 15.4, na mafuta hayo hayana pa kwenda. Kinachotokea ni presha kupanda: mzigo uliokuwa umebebwa na sentimita za mraba 314 kwa bar 100 (bar ni kipimo cha presha) sasa unabebwa na 154 za rodi, na presha inafika karibu bar 204 pande zote mbili. Bumu linashuka kidogo, linasimama. Lakini kreni nyingi upande wa rodi huachwa wazi kuelekea tangi wakati lever iko katikati, ili vali ya kushikilia ijifunge vizuri. Hapo mafuta yana njia ya kutokea, na sili mbovu ya pistoni italishusha bumu kweli. Kwa hiyo, kabla ya kubishana, tazama mchoro wa haidroliki wa mashine hiyo.

Kipimo cha kuwatenganisha watuhumiwa ni rahisi. Bumu likiwa tupu, lishushe hadi sentimita chache juu ya tegemeo imara, zima injini, toa presha ya upande wa rodi, kisha fungua hozi ya upande huo na uizibe. Mlango wa silinda uache wazi, na mtu yeyote asisimame chini ya bumu. Likishuka huku mlango ukitoa mafuta mfululizo, sili ya pistoni inapitisha. Likishuka huku mlango ukivuta hewa, mafuta yanatoroka upande wa chini, yaani vali ya kushikilia. Rudia kipimo kwenye urefu tofauti wa rodi, maana bomba lililoliwa katikati tu halitajionyesha mwishoni mwa mwendo.

Kamwe usizibe mlango wa upande wa rodi halafu ukasukuma mafuta upande wa chini. Kwa silinda yetu ya mfano, bar 250 za pampu zinageuka bar 490 upande wa rodi, kwa sababu 314 gawanya kwa 160 ni 1.96. Kofia ya mbele, inayofunga mdomo wa bomba pale rodi inapotokea, inaweza kuruka kama risasi. Na tundu dogo kwenye hozi lisitafutwe kwa kidole: mafuta ya presha hupenya ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni, na anayechomwa hivyo ni mgonjwa wa upasuaji wa haraka, si wa plasta. Tumia kipande cha kadibodi.

Kuiteremsha

Kuzima injini hakuondoi presha ndani ya silinda. Vali ya kushikilia inafanya kazi yake hata kama kreni imelala mwezi mzima. Bumu lazima likae kwenye tegemeo la chuma au magogo yaliyopangwa, rodi ikiwa haina mzigo, ndipo presha itolewe kwa utaratibu wa kitabu cha mashine. Baada ya hapo osha nje ya silinda kwa maji na sabuni hadi ing'ae, ziba milango, ifunge mkanda wa kunyanyulia na ushike uzito wake kabla ya kuchomoa pini. Silinda ya ukubwa huu ni mamia ya kilo, na mafuta yaliyomo huiongezea uzito unaohama ikiinama.

Kofia ya mbele inaweza kuwa ya kufungwa kwa nyuzi, kwa bolti, au kwa pete ya ndani. Ile ya nyuzi karibu kila mara ina skrubu ndogo ya kuizuia isizunguke, iliyofichwa chini ya rangi. Fundi asiyeitafuta huishia kuilazimisha kofia kwa mpini mrefu na kuharibu nyuzi za bomba zima. Ikishafunguka, vuta rodi ikiwa imelala sawasawa, imeshikiliwa na winchi hadi inapotoka yote. Ikiinama kabla ya pistoni kutoka, chuma kinakwaruza chuma na umejitengenezea kazi ambayo haikuwepo. Kusukuma pistoni kwa hewa ya kompresa ni mchezo wa kifo: hewa hujikusanya, halafu rodi hutoka kwa mpigo.

Nati ya pistoni hukazwa kwa nguvu kubwa sana, na mara nyingi imewekwa gundi ya nyuzi au skrubu ya kuizuia. Gundi kali hulainika kwenye joto la karibu digrii 250, kwa hiyo pasha nati polepole, si rodi. Na usipashe kitu chochote ambacho mafuta yamefungiwa ndani.

Sili zilizokufa zinasema

Kabla ya kutupa sili za zamani, zipange mezani kwa mpangilio zilivyotoka, kila moja na uso wake uliokuwa ukitazama presha. Huu ndio ushahidi wote ulionao.

Sili iliyotafunwa kwenye kisigino, upande usio na presha, imesukumwa kwenye mwanya kati ya chuma na chuma. Mwanya umekuwa mkubwa kwa sababu pete za mwongozo, zinazoweka pistoni na rodi katikati, zimekwisha, au presha imezidi. Kuweka sili mpya juu ya pete zilezile za mwongozo ni kuipeleka machinjioni. Sili ngumu iliyopasukapasuka imepikwa. Mpira wa kawaida wa naitrili huanza kuteseka karibu na digrii 100, na mafuta yenyewe yakizidi digrii 80 kwa muda mrefu huharibika. Chunguza kipoozeo na vali ya kupunguza presha. Sili iliyovimba na kulainika imekutana na mafuta yasiyo yake, na sababu inayojirudia ni mtu kuongeza mafuta ya breki kwenye tangi la haidroliki. Sili ya poliyurethani (plastiki ngumu inayonepa) inayomeguka kama jibini imekaa kwenye maji ya moto.

Ukiona alama nyeusi za kuungua kwenye mdomo wa sili huku sehemu nyingine ni nzima, hewa ndiyo mkosaji. Mapovu yakikandamizwa ghafla hupata joto hadi mvuke wa mafuta unawaka, kama inavyotokea ndani ya injini ya dizeli. Na sili iliyoliwa upande mmoja tu inakuambia kwamba rodi inasukumwa kando: angalia pini na bushi za pande zote mbili, kisha kama rodi imepinda. O-ringi (pete ya mpira ya mviringo) yenye mikato inayozunguka kama skrubu ilijiviringisha, mara nyingi kwa kukosa mafuta ya kutosha.

Vipimo

Hapa ndipo kazi ya thamani ilipo, na ndipo karakana nyingi huharakisha. Kwa kufungua, kuosha na kufunga, mtu yeyote mwenye spana anatosha. Kupima kunahitaji mikromita, geji ya saa, geji ya ndani ya bomba na subira.

Rodi ilazwe juu ya vibao viwili vyenye umbo la V, izungushwe polepole huku geji ya saa ikigusa katikati. Tofauti kati ya usomaji mkubwa na mdogo kabisa ni mara mbili ya mpindo halisi, kwa hiyo ukiona milimita 1.0 rodi imepinda 0.5. Kikomo kinatoka kwa mtengenezaji. Pasipo kitabu, milimita 0.5 kwa mita ni mahali pa kuanza kuwa na wasiwasi. Mpindo mdogo hunyooshwa kwa presi ikiwa baridi. Rodi ikipashwa gesi, kromu hupasuka na ugumu wa chuma huondoka, nayo haifai tena kunyanyulia kitu juu ya vichwa vya watu.

Pima kipenyo cha rodi sehemu kadhaa, hasa pale inapofanya kazi zaidi. Kwa rodi ya 140 iliyotengenezwa kwa daraja la usahihi la f7, kipenyo sahihi kiko kati ya 139.917 na 139.957. Kromu ya kawaida ina unene wa mikroni 20 hadi 30 hivi, nyembamba kuliko unywele. Ikishatobolewa na kutu, makali ya kila kishimo hugeuka wembe unaokata mdomo wa sili kila rodi inapopita. Kwa kreni zinazofanya kazi gatini, Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hewa ya chumvi hupenya kwenye mipasuko midogo ya kromu na kula chuma kutoka chini. Jeki za miguu, silinda zinazoitegemeza kreni chini, ndizo huumia kwanza kwa kuwa ziko karibu na ardhi, maji na vumbi la klinka (malighafi ya saruji).

Kupitisha ukucha ni kipimo kizuri cha haraka: ukikwama, sili nayo itakwama. Mkwaruzo mdogo unaweza kulainishwa kwa jiwe laini la mafuta au msasa mwembamba, ukizunguka rodi. Kamwe usiende kwa urefu, kwa maana mistari ya urefu ni mifereji ya kuvujishia. Vishimo vingi maana yake ni kuondoa kromu yote, kusaga, kupaka upya na kusaga tena hadi kipimo. Kujaza vishimo kwa welding na kupiga msasa kwa mkono huonekana vizuri siku ya kukabidhi kreni tu.

Bomba lipimwe kwa geji ya ndani katika vituo visivyopungua vitatu, kila kituo kwa pande mbili zinazokatana. Bomba la 200 la daraja la usahihi la H8 linatakiwa kuwa kati ya 200.000 na 200.072. Ukikuta katikati ni pana kuliko ncha, limeliwa au limevimba kwa presha. Mawe ya kusugulia husafisha mikwaruzo myepesi, ila kila unapopanua bomba unapanua pia ule mwanya unaotafuna sili. Ukizidi kikomo cha sili, ni bomba jipya.

Pini, bushi na kofia ya mbele vipimwe siku hiyohiyo. Bushi iliyolegea ni bei ndogo, na ndiyo inayoua silinda kubwa.

Kununua sili

Pima mfereji ambamo sili inakaa, usipime sili ya zamani. Sili iliyotumika imevimba au imesinyaa, na anayeipeleka dukani anarudi na kipimo cha maiti. Chukua vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, cha nje na upana wa mfereji. Ukiwa na namba iliyogongwa kwenye bomba la silinda ni bora zaidi. Jihadhari na mashine za Marekani zilizopimwa kwa inchi: inchi 5 ni milimita 127, na sili ya 125 itakubali kuingia kwa kulazimishwa, kisha itavuja.

Kufunga

Osha kila kitu, pangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na usifanye kazi hii kando ya mtu anayesaga chuma. Njia zote ambazo sili itapita zisiwe na makali. Paka sili mafuta yaleyale ya haidroliki yatakayotumika.

Kwenye kofia, kutoka ndani kwenda nje, kwa kawaida utakutana na pete za mwongozo, sili ya kupunguza mishtuko ya presha, sili kuu ya rodi, halafu waipa ya kuzuia vumbi. Mdomo wa sili kuu unatazama mafuta, mdomo wa waipa unatazama nje. Sili kuu hukunjwa umbo la figo, huingizwa mferejini na kuachiwa. Bisibisi isikaribie. Poliyurethani ikiwa ngumu, iweke kwanza kwenye mafuta ya uvuguvugu.

Pistoni ina sili ya teflon juu ya o-ringi. Teflon haivutiki kama mpira: ipashe kwenye mafuta au maji ya karibu kuchemka, ivushe kwa koni laini, kisha ivalishe mkanda wa kuibana mpaka irudi kipenyo chake. Ukiruka hatua hiyo ya kuibana, itakatwa inapoingia kwenye bomba. Pete za mwongozo huachiwa mwanya mdogo kwenye maungio, na maungio ya pete mbili yasikae mstari mmoja. Pete ya kuegemea ya o-ringi hukaa upande usio na presha.

Kuna o-ringi moja inayosahaulika kuliko zote: ile iliyo kati ya pistoni na rodi. Haionekani kutoka nje. Ikiachwa au ikikatwa, mafuta yanapita ndani kwa ndani hata kama sili ya pistoni ni mpya kabisa, na dalili ni zilezile ulizoanza nazo.

Nati ya pistoni ikazwe kwa spana ya torki, kwa namba ya mtengenezaji, nyuzi zikiwa safi na kizuizi kipya. Nati iliyokazwa pungufu hucheza kila mzigo unapopanda na kushuka, nyuzi huchoka, na siku moja rodi huachana na pistoni bumu likiwa juu. Kwa kazi hii, nguvu ya mkono haitoshi kuwa kipimo.

Pistoni inapoingia bombani, tazama mlango wa mafuta. Kingo zake hukata sili inapopita juu yake, kwa hiyo uzibe kwa kizibo laini kilicho sawa na uso wa bomba, au lainisha kingo zake kwanza.

Kutoa hewa na kujaribu

Jaza silinda mafuta kabla ya kuifunga kwenye mashine. Mafuta mapya ya kwenye pipa si lazima yawe safi, yapitishe kwenye kichujio cha mikroni 10. Injini iwe kwenye mzunguko wa chini, rodi itoke na kurudi polepole mara tano au zaidi bila mzigo. Mara za mwanzo usifike mwisho wa mwendo. Hapo ndipo hewa iliyobaki hukandamizwa na kuchoma sili uliyoiweka jana. Angalia kiwango cha tangi kati ya kila mzunguko.

Jaribio la presha, ambalo kwa kawaida hufanyika kwa mara 1.5 ya presha ya kazi kwenye benchi la kupimia, lifanywe kwa namba za kitabu. Kwenye kreni yenyewe, beba mzigo unaojulikana, zima injini, piga alama kwenye rodi na uipime kwa geji kwa dakika 10, mafuta yakiwa yametulia joto. Rodi mpya kuwa na utando mwembamba wa mafuta ni afya. Pete ya mafuta inayoongezeka na kudondoka haiko sawa.

Vali ya kushikilia nayo, kama imefunguliwa, ipimwe kwa geji. Kwa kawaida huwekwa karibu mara 1.3 ya presha ya mzigo mkubwa kabisa. Skrubu yake isizungushwe kwa kubahatisha ili bumu lishuke laini, na isiguswe kabisa silinda ikiwa imebeba mzigo.

Wiki ya kwanza badilisha kichujio cha njia ya kurudia, kwa kuwa uchafu wote wa kazi hii utaishia humo. Mtu akihitaji kuchomelea kitu kwenye bumu, waya wa arthi ufungwe karibu kabisa na sehemu inayochomelewa: umeme ukipita kwenye rodi na bushi kutafuta njia, huacha vishimo vya moto kwenye kromu. Na kreni ikiegeshwa kwa siku kadhaa karibu na bahari, rodi zote ziingizwe ndani. Zile ambazo haziwezi kuingia zipakwe mafuta mazito ya kuzuia kutu, yafutwe kabla ya kuanza kazi tena.